Ibada Katika Zama za Haraka: Somo la Kivuko cha Kilambo

Mtu atokaye Mtwara mjini kwenda kuvuka Mto Ruvuma pale Kilambo hujifunza jambo moja kabla hajakanyaga ng'ambo ya Msumbiji: saa yake ya mkononi haina amri pale. Hata awe na haraka ya namna gani, hata awe na noti nyingi mfukoni, hana budi kungoja maji yajae. Bahari ikipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza katikati ya mto, na chombo kikiondoka kwa ubishi hukwama juu ya fungu, abiria wakabaki wanachomwa na jua mpaka maji yarudi.

Siku moja nilikuwa miongoni mwa wanaongoja. Wafanyabiashara walikuwa wakipiga simu na kufoka, vijana wakiulaumu mto kana kwamba una masikio. Kando yetu, chini ya mwembe, alikuwapo mzee mmoja ametandika mkeka, tasbihi mkononi, midomo ikicheza taratibu. Alipomaliza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu." Nikamwuliza kama kungoja kule hakumchoshi. Akacheka.

"Nimekuja hapa na haja moja, ya kuvuka," alisema. "Maji yakijaa nitavuka. Na kabla hayajajaa nimekwisha kuulipa uradi wangu wa jana uliokuwa deni. Je, wewe mwanangu, tangu asubuhi umefanya nini?"

Kusema kweli sikuwa na jibu, na swali lile limekuwa likinifuata tangu siku hiyo. Juma hili napenda tulitazame kwa upana. Mtu wa leo, mwenye simu mfukoni, foleni ya magari asubuhi na madeni jioni, anawezaje kudumu katika ibada? Je, ucha Mungu ni wa wazee waliostaafu tu, wanaokaa chini ya miembe? Au ipo njia inayoweza kufuatwa hata na dereva wa bodaboda na mama anayeuza samaki feri?

Saa tusizozipanga sisi

Tuanze na maji yenyewe. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa 4 asubuhi, kesho hujaa karibu saa 5. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, na katika pwani ya Mtwara maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya hapo huja maji mafu, yasiyokwenda mbali. Mvuvi wa Msimbati au wa Msangamkuu hahitaji kufundishwa haya. Hakuyapanga yeye, lakini ameyapangia maisha yake: siku ya kwenda mbali, siku ya kushona nyavu, siku ya kupumzika.

Ibada nayo imejengwa vivyo hivyo. Sala tano za Mwislamu hufuata mwendo wa jua, kuanzia alfajiri hadi isha. Funga ya Ramadhani hufuata mwezi, na ndiyo maana kila mwaka hutangulia kwa siku 11 hivi. Mkristo naye anayo Jumapili yake, anayo Kwaresma ya siku 40, anayo kengele ya kanisa asubuhi na jioni. Katika yote hayo mwanadamu hakuulizwa saa ipi inamfaa.

Wako wanaoliona jambo hilo kuwa mzigo. Mimi nimefikia kuliona kuwa ukombozi. Mchana kutwa tunaamriwa na saa za watu wengine. Mwajiri ana saa yake, mwenye daladala ana saa yake, mdai ana tarehe yake, na simu haina saa kabisa; inatuita wakati wowote inaotaka. Mtu anayesimama mara tano kwa siku na kukiweka chini alichokishika, anajikumbusha kwamba yeye ndiye aliyekishika, hakijamshika yeye. Asiyeweza kuweka chini kitu chochote, hata kwa dakika kumi, huyo ndugu zangu ni mtumwa, ijapokuwa hana mnyororo.

Mazoezi ya nafsi

Neno riadha tumezoea kulisikia katika habari za michezo. Lakini kwa Kiarabu, lilikotoka, masufi walilitumia kwa mazoezi ya nafsi, na Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1111, alilieleza kwa kirefu. Hoja yake ni nyepesi kuelewa. Nafsi hufundishwa kama mwili unavyofundishwa, yaani kwa kurudia. Mkimbiaji hashindi kwa kukimbia siku moja hadi azimie, kisha akalala mwezi mzima. Hushinda kwa kuamka kila siku, akakimbia kiasi chake, hata asubuhi ambayo hana hamu.

Katika pwani yetu hii mazoezi hayo yalipata utaratibu wake katika twarika. Kadiria ilienezwa sana na Sheikh Uwesi bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, ambaye alifika Unguja katika zama za Sultani Bargash. Shadhili ilienezwa na Sheikh Muhammad Maarufu wa Ngazija, aliyefariki mwaka 1905. Kufika mwaka 1897 twarika hiyo ilikuwa imekwisha kuingia Kisiwa cha Msumbiji. Hivyo mto huu wa Ruvuma, ambao kwa Wajerumani na Wareno ulikuwa mpaka wa makoloni, kwa watu wa dhikri ulikuwa maji ya kuvuka tu.

Najua wako Waislamu wasiozikubali twarika. Mjadala huo ni wa wanazuoni, nami sitauingilia. Ninachotaka tukitazame ni utaratibu wake. Anayeingia hula ahadi mbele ya sheikh au khalifa wake. Hupewa uradi, yaani maneno machache ya kumtaja Mungu, kuomba msamaha na kumswalia Mtume, kwa idadi maalumu na baada ya sala maalumu. Mara moja kwa juma, aghalabu usiku wa kuamkia Ijumaa, hukutana na wenzake kwa dhikri. Mara moja kwa mwaka huenda ziara au maulidi. Kila siku kidogo, kila juma pamoja na wenzako, kila mwaka shangwe. Kisha, jambo lililo kubwa kuliko yote, yuko mtu anayekujua kwa jina na mwenye haki ya kukuuliza: "Mbona hatukuoni?"

Je, utaratibu huo ulimfanya mtu akimbie dunia? Tumwulize Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Jina lake kamili ni Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka bara, nchi za Kongo. Alisoma, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, na akawa khalifa wa Kadiria aliyeheshimiwa na watu wa kila namna, hata wale ambao mababu zao walikuwa mabwana wa watumwa. Alifariki mwaka 1931, na maulidi ya Bagamoyo yangali yakihusishwa na jina lake. Mtu huyo hakuacha soko ili apate msikiti, wala hakuacha msikiti ili apate soko. Kila kimoja alikipa saa yake.

Na wala si Waislamu peke yao. Panda gari la kwenda Masasi, utapita Ndanda. Hapo wako watawa Wabenedikto, waliofungua misheni yao mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Watawa hao hufuata kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Kengele ikilia huacha kazi na kwenda kusali, iwe alfajiri, adhuhuri au jioni. Sala ikiisha hurudi kazini. Kwa kanuni hiyo ya sala na kazi, kusini imepata hospitali, shule, karakana na kiwanda cha kuchapa vitabu. Mgonjwa aliyetibiwa Ndanda hakuchelewa kupona kwa sababu ya kengele. Kengele ndiyo iliyowafanya watu hao wadumu kwa zaidi ya miaka 100.

Barua ya Lindi

Hapa sasa nataka tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: nidhamu na hamasa.

Mwaka 1908, jirani zetu wa Lindi walipata barua iliyodaiwa kutoka Makka. Barua ilisimulia ndoto ya mtu aliyeitwa Sheikh Ahmad, aliyesemekana ni mlinzi wa kaburi la Mtume. Ilionya kwamba mwisho wa dunia umekaribia, ikawataka watu watubu upesi, na ikamtaka kila aliyeipata aieneze kwa wengine. Ikanakiliwa kwa mkono na kupitishwa mji hadi mji. Misikiti ikajaa. Wajerumani, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza kuizima Maji Maji mwaka 1907, wakaingiwa na hofu na kuanza kuwakamata waenezaji. Kumbe barua za namna hiyo zilikwisha kuonekana mbali huko Java tangu miaka ya 1880! Dunia haikuisha mwaka 1908, na ile hofu iliyojaza misikiti ikapoa.

Usiwacheke wazee wetu. Fungua simu yako leo utaikuta barua ile ile: "Tuma kwa watu kumi, usipotuma utapata balaa." Wanaoituma ni Waislamu na Wakristo, wasomi na wasiosoma. Wengine wameongeza yao: lete fedha, upate muujiza, nunua mafuta, upate kazi. Hofu na tamaa ndizo zinazosukuma, na vijana wa mjini wana jina zuri la msukumo wa aina hiyo: nguvu za soda. Hufoka sana kizibo kinapofunguliwa, kisha kwisha.

Bamvua nalo ni maji, tena maji mengi, lakini hakuna mvuvi anayeishi kwa bamvua peke yake. Hata siku za maji mafu watoto wanataka kula. Mtume Muhammad alifundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ni ndogo. Na wahenga wetu walikwisha kusema, ngoma ivumayo haidumu.

Ng'ambo ya mto

Mtu anaweza kuniuliza, kuna ubaya gani hamasa ikizidi? Si bora mtu mwenye moto kuliko mtu baridi? Naomba tuvuke mto kwa mawazo, kwani jibu liko ng'ambo, nalo ni zito.

Katika jimbo la Cabo Delgado, kwa miaka kadhaa kabla ya 2017, palitokea vijana waliojiona kuwa ndio pekee wenye dini. Waliingia misikitini na viatu. Waliwaita wazee wao wapotofu. Walikataza watoto wasiende shule za serikali. Wazee na masheikh wa huko walilalamika, hawakusikilizwa ipasavyo. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana hao walishambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vilivyofuata viliwafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Waislamu. Moto huo haukubaki ng'ambo. Oktoba 2020 ulivuka Ruvuma na kuingia kijiji cha Kitaya, katika mkoa huu huu wa Mtwara, watu wakauawa na nyumba zikachomwa.

Sababu za vita vile ni nyingi: umaskini, ardhi, madini, gesi, na vijana wasio na kazi. Sidai kuzimaliza zote. Lakini moja inahusu mazungumzo yetu. Vijana wale walikuwa na hamasa tele. Walichokikataa ni kile cha mwisho nilichokitaja katika utaratibu wa twarika na wa watawa: mtu mwenye haki ya kukuuliza. Aliyekataa kuulizwa na mzee wake, na jirani yake, na mwalimu wake, huyo ibada yake haina usukani. Nidhamu ya kweli humfanya mtu ajikaze kwanza yeye mwenyewe. Ukiona mtu anawakaza wenzake huku yeye mwenyewe hajikazi, jihadhari naye, hata kama ndevu zake ni ndefu au Biblia yake ni nene.

Hilo ndilo lililo hatarini, ndugu msikilizaji. Kijana wa mjini anayetafuta maana ya maisha atakipata tu kitu cha kushika. Asipofundishwa nidhamu ndogo ya kila siku na watu wanaomjua, atapewa hamasa kubwa na watu asiowajua, tena siku hizi kwa njia ya simu, akiwa chumbani kwake.

"Sina muda"

Nikizungumza na watu wa rika langu maofisini, jibu la kwanza ni hilo: sina muda. Tufanye hesabu. Sala moja, pamoja na udhu, ni dakika 10 hivi kwa asiyekuwa na pupa. Sala tano hazizidi saa moja. Sura moja ya Injili kabla ya kulala ni dakika 5. Sasa hesabu dakika ulizotumia jana kutazama picha za watu usiowafahamu, kubishana juu ya Simba na Yanga, na kukagua mkeka wa kubeti uliochanika. Muda tunao. Tulichokosa ni mpaka wa muda.

Mji wa Mtwara wenyewe ni mfano. Tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kutumika, na bomba la kwenda Dar es Salaam lizinduliwe Oktoba 2015, mambo mengi yamekuja kwa haraka. Halafu kila mwaka, kuanzia Oktoba, huja minada ya korosho. Mkulima aliyekaa miezi bila fedha hulipwa kwa mkupuo mmoja. Wako wanaoezeka nyumba na kulipa ada. Wako pia ambao fedha huishia baa, wakaanza kukopa kabla mwaka haujaisha. Tofauti ya wawili hao si akili. Mmoja alizoea kujiambia "hapana" katika mambo madogo, basi kubwa lilipokuja halikumkuta mgeni. Funga ya mwezi mmoja ni mazoezi ya "hapana" hiyo. Anayeweza kuyaacha maji baridi saa 9 alasiri, ilhali hakuna anayemwona, anaweza pia kuiacha rushwa.

Lakini nidhamu ina upande wa pili nao usemwe. Siku moja nilifika katika ofisi moja, sitaitaja, kufuata karatasi. Dirishani paliandikwa kwamba mhusika amekwenda kuswali. Tulikuwa watu wengi kwenye foleni, miongoni mwetu mama mjamzito. Mhusika alirudi baada ya saa moja na nusu, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Sala ni dakika 10; zilizobaki zilikuwa mali ya wale waliokuwa kwenye foleni, naye alizichukua kwa jina la Mungu. Kadhalika wanaofungulia vipaza sauti usiku kucha, iwe kwenye mkesha wa kanisa au kwenye mawaidha, huku jirani ana mgonjwa. Ibada isiyomfanya mtu awe mwaminifu zaidi kazini na mpole zaidi nyumbani, hiyo ni kama mkorosho wenye majani mengi usiozaa.

Kwa anayetaka kuanza, nimejifunza mambo manne kutoka kwa watu niliowataja. Chagua saa, uitunze kama unavyotunza saa ya kuripoti kazini. Chagua kiasi kidogo unachoweza kukimudu hata siku ya homa. Tafuta mwenzako au mwalimu wa kukuuliza, mtu wa karibu, anayejua unapoishi. Na ukikosa siku moja usikate tamaa wala usijilipize kwa kufanya makubwa kesho. Lipa deni lako kimyakimya, uendelee. Haba na haba hujaza kibaba.

Turudi Kilambo. Mnamo saa 8 mchana maji yalianza kupanda. Yale mafungu ya mchanga yakazama moja baada ya jingine, bila kelele. Tukaitwa kupanda. Yule mzee akakunja mkeka wake, akautia kwapani, akashuka nasi taratibu hadi majini. Vijana waliokuwa wakifoka tangu asubuhi walipanda wakiwa wamechoka kabisa. Mzee alikuwa mzima. Sote tuliungoja mto ule ule, kwa saa zile zile, na sote tukavuka pamoja.